Basi linalala upande, upepo hauishi kuvuja: pa kuanzia kabla hujanunua baluni

Asubuhi basi limekutwa limelala upande wa kushoto. Dereva anawasha injini na kungoja linyanyuke kabla ya kutoka stendi, utingo anasema kuna kitu kinafoka huko nyuma, na tajiri anapiga simu dukani kuulizia bei ya baluni, ile mipira mikubwa myeusi ya upepo inayobeba bodi badala ya springi za vyuma. Inafungwa mpya. Baada ya muda si mrefu basi limelala tena, upande uleule.

Haya nawaandikia wenye mabasi yaliyotumika yenye mfumo wa upepo, Scania, Volvo, Yutong na mengineyo, pamoja na mafundi wao. Aliyenunua gari-nyumba kubwa la mtumba lililojengwa juu ya chasisi ya basi naye asome, mfumo ni huuhuu. Msimamo wangu ni kwamba baluni ndiyo inayoumia, lakini mara chache ndiyo yenye kosa. Kinachoiumiza kiko jirani yake: shokapu iliyokufa, bushi iliyokwisha, valvu ya kusawazisha kimo cha bodi iliyopinda fimbo, au maji yaliyoachwa ndani ya matangi. Ukibadilisha kilichopasuka ukakiacha kilichokipasua, utanunua mara mbili.

Kabla hujaingia chini

Paipu moja ya baluni ikichomoka, bodi inashuka papo hapo, na nafasi inayobaki kati ya chasisi na ardhi haimtoshi mtu. Kwa hiyo egesha mahali tambarare, weka kabari mbele na nyuma ya matairi, nyanyua kwa jeki, kisha weka stendi za chuma chini ya chasisi pale alipoonyesha mtengenezaji. Jeki peke yake haitoshi. Tofali na gogo visikaribie kabisa. Fitingi yenye upepo ndani haifunguliwi. Kwanza toa upepo wote wa njia unayoitengeneza.

Kuna kitu kimoja ninachokisisitiza kila ninapopata nafasi. Chemba ya breki ya nyuma, ile yenye vyumba viwili, imebeba springi ya handibreki iliyokandamizwa kwa nguvu za kuua mtu. Chumba chenye springi hakifunguliwi, hata fundi akisema amezoea. Chemba ikiharibika inafungwa kwa boliti yake maalumu ya kuizuia springi, inatolewa, na inawekwa nyingine nzima.

Kwanza jua ni njia ipi inayovuja

Upepo unatoka kwenye kompresa, unapita kwenye draya inayouchuja maji, kisha unafika kwenye valvu ya kinga yenye njia nne. Hapo unagawanywa: breki za mbele, breki za nyuma, handibreki, na njia ya vifaa vingine ambayo ndimo zilimo baluni na milango. Valvu hiyo imewekwa ili njia moja ikipasuka nyingine zisiishiwe. Mishale miwili ya geji kwenye dashibodi inasoma upepo wa breki. Haisomi baluni. Ndiyo maana basi linaweza kulala tumbo chini huku mishale yote miwili imesimama vizuri, na dereva akaapa kwamba upepo upo. Upepo upo kweli, ila wa breki.

Jaribio lenyewe halihitaji kifaa chochote. Basi likiwa na kabari, washa injini ujaze upepo mpaka gavana, kidhibiti cha kompresa, ikate. Utasikia draya ikipumua kwa kishindo. Kwenye mabasi mengi mshale utakuwa kati ya baa 8 na 10. Zima injini, achia handibreki, utazame mishale kwa dakika nzima. Kisha kanyaga breki mpaka chini, shikilia, hesabu dakika nyingine. Nchini Marekani anayetahiniwa leseni ya gari kubwa lenye breki za upepo hufanya jaribio hili mbele ya mtahini: gari moja lisilo na tela, pedali ikiwa imekanyagwa, halitakiwi kupoteza zaidi ya psi 3 kwa dakika, yaani kama baa 0.2. Waswahili wanaoendesha malori huko wanalijua kwa moyo. Ni kipimo kizuri hata kwa gereji ya Ubungo au Mombasa, na kwa basi la abiria ningependa mshale usisogee kabisa kwa macho.

Jioni chukua futi kamba. Pima kutoka ukingo wa bodi hadi ardhini kwenye pembe zote nne, andika kwenye karatasi, lala. Asubuhi, kabla mtu hajagusa ufunguo, pima tena.

Ikiwa bodi imeshuka na mishale imebaki, tafuta kwenye baluni, valvu zake na paipu zake. Mshale ukishuka kidogo kisha ukagoma kuendelea, valvu ya kinga imefunga njia, na uvujaji uko kwenye njia ya vifaa vingine. Usisahau silinda za milango, maana nazo huvuja usiku kucha bila kelele. Ikiwa mishale imeshuka mpaka chini, kosa liko kwenye breki, na basi hilo halitoki mpaka lipatikane. Vyote vikishuka, anza na breki.

Basi linalala upande mmoja

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mabasi mengi yana valvu tatu za kusawazisha: moja ekseli ya mbele, mbili ekseli ya nyuma, kila upande na yake. Kila valvu imefungwa kwenye chasisi na ina mkono unaounganishwa na ekseli kwa kifimbo kidogo. Abiria wakipanda, bodi inashuka, mkono unainuka, valvu inaingiza upepo. Wakishuka, mkono unashuka, valvu inatoa upepo.

Sasa fikiri. Mbele kuna valvu moja tu, nayo inajaza baluni za kushoto na kulia kwa pamoja. Haina uwezo wa kulilaza basi upande mmoja wala kulinyoosha. Kulia na kushoto kwa basi zima kunaamuliwa na valvu mbili za nyuma. Kwa hiyo ukiliona basi limelala pembe ya mbele kushoto, usikimbilie baluni ya mbele kushoto. Nenda nyuma kushoto kwanza. Nimeona baluni za mbele zikibadilishwa bila sababu, zile za zamani zikiwa nzima kabisa, kwa sababu tu ndiko jicho lilikoona bodi imeinama.

Valvu hupimwa hivi. Basi likiwa juu ya stendi, chomoa kifimbo upande wa ekseli. Inua mkono wa valvu kwa vidole: upepo uingie na baluni itune. Urudishe katikati: kimya. Ushushe: upepo utoke kwenye tundu lake la kupumulia. Katikati pakiendelea kufoka, valvu imekwisha. Ikifanya kazi vizuri, kosa liko kwenye kifimbo, na kwa kweli mara nyingi liko hapo: kimepinda, mpira wa kichwa chake umekatika, au kimekaa upande mmoja kwa kamba ya mpira wa tyubu iliyofungwa barabarani.

Kuna jingine la makusudi. Dereva amechoka kugonga matuta, anamwomba fundi akirefushe kifimbo ili basi lisimame juu. Linasimama juu kweli, lakini baluni sasa inaishi imevutwa, shokapu inafika mwisho kila shimo, na pembe za shafti ya propela zimebadilika. Kimo cha basi kimeandikwa na mtengenezaji kwa milimita, kinapimwa kati ya chasisi na ekseli. Kirudishe hapo kabla hujahukumu kitu kingine.

Mabasi mapya zaidi hayana mikono hii. Yana sensa na kompyuta. Dalili zinafanana, ila utambuzi unahitaji mashine ya kusoma makosa. Kagua kwanza waya na soketi za sensa, maana vumbi na maji vinaanzia hapo.

Baada ya valvu ndipo twende kwenye baluni yenyewe. Osha kwanza. Tope lililokauka huficha ufa. Jaza upepo mpaka bodi iwe kwenye kimo chake, changanya sabuni ya maji na maji kidogo mpaka iwe nzito, paka kwa sponji pale chini mpira unapojikunja juu ya kibuyu chake cha chuma au plastiki. Subiri. Uvujaji mkubwa hupuliza povu mara moja. Ule mdogo unatengeneza ukoko mweupe unaopanda polepole kama uji unaoanza kuchemka, na ukiuondoa unarudi palepale. Panda juu, paka kwenye sahani ya chuma inayoshika mpira, halafu kwenye fitingi ya paipu. Fitingi ndiyo mara nyingi inayovuja, nayo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na baluni.

Nyufa nyembamba za juujuu kwenye mpira wa zamani si hukumu ya kifo. Ukiona nyuzi, badilisha. Mabasi yaliyotoka Uingereza, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, yachunguzwe kutu kwenye vibuyu vya chuma na sahani za juu. Hali ni hiyohiyo kwa basi lililokaa miaka Tanga au Malindi. Kutu inavimba, inaparua mpira kila unapojikunja, na baluni mpya ikiwekwa juu yake nayo itaparuliwa.

Baluni iliyokufa kwa uzee ina mwenzake wa umri uleule upande wa pili, kwa hiyo badilisha zote mbili za ekseli. Iliyokufa kwa kusuguliwa na tairi, paipu au boliti inabadilishwa peke yake, mradi umekiondoa kilichoisugua. Ukimaliza kufunga, jaza upepo kwanza ndipo ushushe uzito wa basi. Ukilishusha juu ya baluni tupu, mpira unajikunja vibaya, unabanwa, na kazi yako inaharibika siku ileile.

Kufoka kunakoanza ukiachia handibreki

Dalili hii huwadanganya hata mafundi wazuri. Basi limeegeshwa, handibreki imevutwa, kimya. Unaachia handibreki, upepo unaanza kufoka kwenye rilei valvu, ile inayopeleka upepo wa breki kwenye chemba, karibu na ekseli ya nyuma. Unavuta tena, kimya. Inanunuliwa rilei valvu mpya, inafungwa, na kufoka kunaendelea kama kwamba hakuna kilichofanyika.

Rilei haina kosa. Ndani ya chemba ya nyuma kuna ukuta unaotenganisha chumba cha handibreki na chumba cha breki ya mguu, na katikati ya ukuta huo kuna sili. Handibreki ikiachiwa, chumba cha springi kinajaa upepo. Sili ikiwa imekwisha, upepo unapenya kwenda chumba cha pili, unarudi kwenye paipu ya breki ya mguu, na unatafuta pa kutokea. Pa kutokea ni tundu la rilei.

Kujua ni chemba ipi, hakikisha kabari zimekaa sawasawa, maana handibreki itakuwa imeachiwa. Basi likiwa tulivu na pedali haijaguswa, fungua paipu ya breki ya mguu kwenye chemba moja. Upepo ukitoka kwenye tundu la chemba, umeipata. Usipotoka, rudisha, kaza, nenda upande wa pili. Ikiwa chemba zote ziko kimya na rilei bado inafoka, hapo nunua rilei.

Kufoka kunakotokea tu unapokanyaga pedali ni habari nyingine: dayaframu, mpira ulio ndani ya chemba ya breki ya mguu, imetoboka. Mwenzako akanyage, wewe uzunguke magurudumu ukisikiliza.

Kompresa haipumziki

Draya ikipumua kila baada ya muda mfupi wakati hakuna anayegusa breki, upepo unapotea mahali fulani. Rudi kwenye jaribio la mwanzo. Ikifoka mfululizo kwenye tundu lake la chini, valvu ya kutoa maji imeshika uchafu au sili yake imekwisha. Kompresa ikifanya kazi muda mrefu bila kujaza na huoni uvujaji, fungua paipu inayotoka kwenye silinda hedi yake: masizi ya oili yanaweza kuwa yameziba nusu ya tundu.

Vuta vishikio vya kutolea maji chini ya matangi, kimoja kimoja. Maji maana yake filta ya draya imekwisha. Uji wa kahawia wenye harufu ya oili maana yake kompresa inapitisha oili, na filta mpya haitadumu mpaka kompresa ishughulikiwe. Unyevu huo ndio unaokula valvu za kusawazisha kwa ndani, na tajiri anashangaa kwa nini valvu mpya hazikai. Filta ya draya ni kitu cha kubadilishwa kwa ratiba, mwaka mmoja hadi miwili kwa mabasi mengi, na kwa njia zenye vumbi ningechukua muda mfupi zaidi.

Basi linagonga, linayumba, linakula matairi

Mlio mmoja mzito "ko!" unapokanyaga breki au unapoondoka ni toki rodi. Hizi ndizo zinazoshika ekseli ya nyuma mahali pake, kwa sababu baluni hubeba tu uzito, haizuii ekseli kwenda mbele wala pembeni. Bushi zake zikichoka, ekseli inatembea. Ukiwa nyuma ya basi barabarani unaliona linakwenda mshazari, gurudumu la nyuma halifuati la mbele. Na ekseli inayotembea ndiyo inayoisugua baluni kwenye chasisi.

Dereva aweke gia, asukume mbele kidogo, akanyage, arudi nyuma, akanyage, nawe ukitazama kwa pembeni, si chini. Kisha, basi likiwa kwenye stendi, ingiza mtarimbo kati ya kichwa cha toki rodi na bano lake, upinde. Mpira mzima unajongea kidogo na kurudi. Mpira uliokufa unatoa unga mweusi, na chuma kinang'aa pale kinapogusana na chuma.

Kuyumba kwenye kona: anza na bushi na vifimbo vya stabilaiza, ile fito ya chuma inayozuia bodi kulala upande. Kupepesuka baada ya tuta, bodi ikipanda na kushuka mara kadhaa: shokapu. Oili inayotiririka juu yake inatosha kuihukumu, lakini shokapu kavu nayo inaweza kuwa imekufa. Baada ya safari, shika kila moja kwa kiganja kwa uangalifu. Inayofanya kazi ina joto, kwa sababu imekuwa ikigeuza mtikisiko kuwa joto. Iliyo baridi kati ya wenzake wenye joto haifanyi kitu. Na usiseme utaibadilisha mwezi ujao: kwenye mabasi mengi ya upepo shokapu ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita urefu wa baluni. Ikikatika, shimo moja linatosha kuing'oa baluni kwenye sahani yake.

Tairi la mbele likilika upande wa ndani au nje, nyanyua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise. Kulegea huko ni kingpini au beringi. Lishike kushoto na kulia: tai rodi. Alaimenti ifanywe baada ya vyote hivi kuwa vizima. Alaimenti juu ya bushi mbovu haidumu.

Paipu, tepu na springi za vyuma

Paipu ya nailoni ikatwe kwa kikatio kikali, mkato ulionyooka. Msumeno unaacha vumbi na mdomo uliochongoka, na fitingi za kusukuma hazishiki mdomo kama huo. Ikipita karibu na egzosi, ihamishwe. Tepu nyeupe ya mabomba ya maji sipendi kuiona kwenye fitingi za upepo: vipande vyake hukatika, vikasafiri, vikaziba vitundu vidogo vya valvu ya kusawazisha.

Wapo wanaochoka na kutaka kung'oa baluni zote wafunge springi za vyuma. Naelewa uchovu huo, lakini siungi mkono. Chasisi ya basi la upepo imebuniwa kupokea uzito mahali pengine kabisa, na breki za mabasi mengi hupimiwa mzigo kwa upepo wa baluni. Ukiziondoa, breki za nyuma hazijui tena basi limebeba abiria wangapi.

Baada ya kufunga

Boliti za bushi za toki rodi na shokapu zikazwe kwa mwisho basi likiwa limesimama kwenye kimo chake, upepo umejaa. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, mpira unabaki umesokotwa maisha yake yote na utachanika mapema. Rudia jaribio la dakika moja, pima pembe nne kwa futi kamba usiku na asubuhi, paka sabuni tena kwenye kila fitingi uliyoigusa. Basi liende safari fupi tupu kwenye barabara unayoijua, lirudi, boliti zikazwe upya kwa spana ya kipimo. Mishale ikiwa bado inashuka, lisipangiwe safari ya kupita miteremko mikali ya Kitonga.